Alikufa katika mukutano: je, tutaje jina lake kanisani?



Barua za mahari na za kugawanya mali ya marehemu ziko nyingi juu ya meza yangu, lakini mwezi huu zitangoja. Kuko barua ya mama mumoja wa Kolwezi inayopaswa kujibiwa mbele yao. Aliandika kurasa nzima mbili za kaye. Ninaifupisha, na jina lake sitalitaja.

Mama huyu ni muzaliwa wa upande wa Goma. Aliolewa na mutu wa kazi ya machimbo akakuja naye huku kwetu. Kule Goma aliacha mutoto wa kaka yake, kijana aliyemulea tangu kunyonya. Kijana alikomaa, akaingia katika dini inayoitwa Wazalendo, na tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka 2023 alikufa kwa risasi za waaskari. Mama aliomba wazee wa kanisa lake kwamba jina la kijana litajwe siku ya Mungu, na watu wamuombee yeye na jamaa faraja. Muzee mumoja alimujibu mbele ya watu: « Mama, ule alikufa mu politiki, tena mu sekte. Kanisa haiingiake mu ile mambo. » Aliporudi ku nyumba, jirani akamuambia: « Balikufa zaidi ya mia tano, banaficha tu. » Jirani mwingine akasema: « Bale bote balikuwa barebele, bilibafaa. » Sasa mama anauliza: « Baba Pasta, nilikosa kuomba? Na watoto wangu niwaambie nini? »

Mama, haukukosa.

Ninajua neno ambalo muzee yule angeweza kujitetea nalo: sisi Waprotestanti hatuombei wafu. Ni kweli, na sitaki kubadilisha mafundisho yetu juu ya barua moja. Mutu akiisha kufa, yuko mikononi mwa Muumba wake. Lakini mama hakuomba hiyo. Aliomba jina litajwe na wanaolia wafarijiwe, na jambo hili tunalifanya kila siku ya Mungu katika makanisa yetu yote. Tunatangaza kifo cha muzee wa pansio wa Gécamines. Tunatangaza kifo cha kijana aliyefunikwa na udongo katika shimo alimoingia bila ruhusa. Tunatangaza hata kifo cha mulevi aliyekanyagwa na lori la madini katika barabara ya Likasi, na hakuna muzee anayesimama kuuliza mulevi huyu alikuwa anaenda wapi usiku ule. Juu ya nini tuulize njia ya huyu mumoja tu?

Tusome Luka sura ya 13, mistari mitano ya kwanza. Watu walikuja kwa Yesu na habari ya Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakati walipokuwa wanatoa sadaka, hata damu yao ikachanganyika na damu ya nyama. Angalieni vizuri: Pilato ndiye Leta, waliokata ni waaskari wake, na Wagalilaya wa wakati ule walijulikana kuwa watu wa vurugu, wasiopenda Waroma. Hapo politiki iko, dini iko, na risasi ya wakati ule, ni kusema upanga, iko. Yesu hakuwaambia wale walioleta habari: ondokeni, haya si mambo yangu. Aliipokea habari. Kisha akakataa wazo lililokuwa ndani ya mioyo yao, kwamba wale waliouawa walikuwa na zambi kupita wengine. Alilikataa mara mbili, akaongeza mufano wa wale 18 walioangukiwa na munara wa Siloamu. Mutu anayesema « bilibafaa » amepita pale Bwana alipokataa kupita.

Sasa tuseme wazi yaliyotokea Goma, kwa sababu wengi huku wanayajua kwa video za simu tu. Wazalendo wale (siwachanganyi na vikundi vya silaha vinavyoitwa vile vilevile) ni dini ya kule Goma inayochanganya Biblia na desturi za mababu. Mafundisho yao si yetu, na mutu wa kanisa langu akiyafuata nitamuonya. Waliita watu kwa maandamano ya kupinga waaskari wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO. Meya wa muji alikataza maandamano. Tarehe 30, mbele ya jua kutoka, waaskari wa Garde républicaine walifika kwao, ku radio yao na ku nyumba yao ya ibada. Polisi mumoja aliuawa na watu, hiyo pia ni damu na hatuifichi. Waaskari walipiga risasi watu waliokusanyika. Kisha inchi yote iliona video za waaskari wakitupa maiti ndani ya lori kama magunia ya makala.

Angalieni namna hesabu ilivyotembea. Siku ya kwanza wakubwa wa jeshi walitaja wafu karibu kumi tu. Kesho yake serikali ya Kinshasa yenyewe ikasema ni 43, na waliojeruhiwa 56. Nyuma yake watetezi wa haki za watu waliotembea nyumba kwa nyumba na hospitali kwa hospitali wakafika zaidi ya 50. Muminisitiri walitumwa Goma, tribinali ya kijeshi ikafunguliwa mwanzo wa mwezi wa 9, na tarehe 2 mwezi wa 10 mwaka 2023 Kolonele Mike Mikombe akahukumiwa kufa, waaskari watatu wakapata miaka 10 ya gereza, wawili wakaachiliwa. Mimi sifurahie hukumu ya kufa kwa mutu yeyote. Lakini ninauliza: kutoka kumi mupaka kolonele kusimama mbele ya hakimu, njia ilifunguliwa na nini? Ilifunguliwa na watu waliohesabu. Muganga aliyeandika katika kitabu cha hospitali. Mama aliyesimama ku mulango wa nyumba ya maiti akasema: huyu ni wangu, jina lake ni hili. Mutu aliyeshika simu bila kutetemeka. Kama kila mumoja wao angesema « ni politiki, siingie », hesabu ingebaki kumi.

Basi kwa jirani anayesema zaidi ya mia tano, ninamuuliza pia: uliwahesabu? Kutoka sura ya 23, mustari wa kwanza, Mungu anakataza kueneza habari ya uongo, na mustari wa pili anakataza kufuata wengi katika ubaya. Kuko wakristo wanaofikiri kwamba kuongeza wafu ni kuwapenda wafu. Wanaona 50 ni kidogo. Ndugu yangu, watu 50 ni kanisa nzima la kartie! Ukisema mia tano, muuaji anafurahi, kwa sababu siku ile itaonekana si mia tano, atasema: mwaona, yote ni uongo. Umemupa mulango wa kutokea.

Sisi watu wa Katanga tunapaswa kulijua jambo hili kupita wengine, maana tunaishi nalo tangu 1990. Mwezi wa 4 mwaka ule Prezidenti Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Katika université ya Lubumbashi wanafunzi walianza kushika na kupiga wenzao waliodhaniwa kuwa wapelelezi wa Leta. Usiku wa tarehe 11 kuingia tarehe 12 mwezi wa 5, watu wenye silaha waliingia ku home za wanafunzi. Umeme ulikatika. Wengi walisimulia kwamba kulikuwa neno la siri, « lititi mboka », na asiyejua kulijibu alipata taabu. Serikali ilisema aliyekufa ni mumoja. Mumoja! Watu wakasema makumi, wengine wakasema mamia, na kila kinywa kiliongeza. Ubelgiji ilitaka uchunguzi wa inchi nyingi, Mobutu akakataa, musaada ukakatwa. Gavana wa Shaba wa wakati ule na wengine walihukumiwa. Lakini mupaka leo hakuna orodha ya majina inayokubaliwa na wote. Katikati ya ile « mumoja » ya Leta na yale « mamia » ya barabarani, vijana wenyewe walipotea mara ya pili. Kuko wazazi waliozeeka bila kujua kama waandike mutoto wao upande gani wa Biblia ya jamaa, wa wazima ao wa wafu.

Na wazee wetu wa kambi wanakumbuka ya mbele zaidi. Mwaka 1941, wakati wa vita, bei ya chakula na nguo ilipanda na mushahara wa mutu mweusi wa Union Minière ulibaki palepale. Greve ilianza upande wa Likasi, na huko damu ilimwagika, kisha ikafika Lubumbashi, iliyoitwa Élisabethville. Tarehe 9 mwezi wa 12 wafanyakazi walikusanyika ku uwanja wa mupira. Gavana Maron alifika na waaskari. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili ya wenzake, aliuawa pale, na makumi ya wengine pamoja naye. Wakubwa waliandika hesabu yao, kambi zikashika hesabu yao, kubwa zaidi. Ni wangapi katika sisi, wajukuu wa watu wa kambi, tunaoweza kutaja majina matatu ya waliokufa siku ile? Tunataja moja, la Mpoyi. Lile lilibaki kwa sababu lilitajwa.

Muzee wa kanisa ataniambia: hayo ni mambo ya kazi na ya masomo, si ya kanisa. Basi twende Kinshasa, tarehe 16 mwezi wa 2 mwaka 1992. Ilikuwa siku ya Mungu. Conférence nationale, mukutano mukubwa uliopaswa kutengeneza inchi, ulikuwa umefungwa mwezi uliotangulia na serikali ya Nguz a Karl-i-Bond, mutu wa kwetu. Wakristo walitoka makanisani nyuma ya ibada na Biblia, rozari, matawi ya miti na nyimbo, kuomba mukutano ufunguliwe tena. Walioanzisha ni walei Wakatoliki, lakini watu wa makanisa mengine waliingia katika mustari. Serikali ilikuwa imekataza. Waaskari walipiga risasi. Hapo tena Leta ilihesabu wachache, wengine wakahesabu zaidi ya 30. Mwezi wa 4 mukutano ulifunguliwa. Je, wale walikufa mu politiki ao mu kanisa? Biblia iliyotobolewa na risasi ni kitu cha politiki? Mimi sioni pale tutakapopitisha kisu tukate upande huu na upande huu. Mulizo wa mama wa Kolwezi uko na mizizi ileile.

Tena Waprotestanti tusijifanye wageni. Machafuko ya Kinshasa ya tarehe 4 mwezi wa 1 mwaka 1959, yale tunayoyafanyia konje kila mwaka juu ya mashujaa wa uhuru, yalianza na mukutano wa ABAKO uliotakiwa kufanyika ku YMCA, ni kusema nyumba ya vijana Wakristo. Walikatazwa, watu wakakasirika, Force publique ikapiga. Konje tunaipokea na mikono miwili. Majina hatuyataki?

Kuko neno katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, ambalo sikusikia likihubiriwa mara nyingi. Maiti ya mutu aliyeuawa ikionekana katika shamba na muuaji hajulikani, wazee wanapaswa kutoka na kupima njia, kutoka pale maiti inapolala mupaka kwa miji iliyo karibu. Muji ulio karibu zaidi, wazee wake ndio watakaosimama mbele ya Mungu na kunawa mikono na kutoa ushuhuda kwamba hawakumwaga damu ile wala hawakuiona. Wazee hawa hawakuua. Hakuna anayewashitaki. Lakini Mungu hawaruhusu kukaa ku nyumba na kusema « siyo yetu ». Wanapaswa kutoka, kushika kamba, kupima. Nasi tuko karibu na maiti hii kwa kipimo gani? Shangazi yake anakaa ku benchi ya nne katika kanisa lenu. Hamuhitaji hata kamba.

Sasa neno moja gumu. Kuna muke wa muaskari anayesoma gazeti hili, ninamujua kwa sababu aliwahi kuniandikia. Labda unasoma hapa na moyo unakuuma, unasema: Pasta leo anatupiga. Hapana, mama. Waaskari walikuja kwa Yohana Mubatizaji ku muto, Luka 3 mustari wa 14, wakauliza: nasi tufanye nini? Yohana hakuwaambia watupe silaha, hakuwaambia pia kwamba kazi yao haina hesabu. Aliwakataza kunyang'anya watu, akawakataza kushitaki watu kwa uongo, akawaambia watosheke na mushahara. Mushahara wa muaskari wetu mara nyingi hautoshi hata kwa unga wa mwezi, na wanaomulisha njaa watajibu mbele ya Mungu. Lakini njaa haijibu juu ya lori lile la maiti. Na kuko jambo lingine: tribinali ya Goma iliachilia waaskari wawili. Ni kusema, ushuhuda wa kweli unamuokoa hata muaskari ambaye hakufanya. Pale ambapo hakuna anayehesabu na kuandika, waaskari wote wanakuwa wauaji katika vinywa vya watu, mume wako pamoja nao.

Kwa wazee na mashemasi wa makanisa ya machimbo, ninaomba jambo ndogo. Nunueni kaye moja yenye kifuniko kigumu. Mutu wa kanisa lenu, ao wa jamaa yake, akiumizwa ao akiuawa na watu wenye silaha, katika mukutano, ku barabara, ku mugodi, pahali popote, andikeni siku ileile: jina, umri, tarehe, pahali, nani aliona kwa macho yake na nani alisikia tu. Hiyo ya mwisho musiisahau. Aliyeona na aliyesikia wasiandikwe mustari mumoja. Torati inataka mashahidi wawili ao watatu, haitaki jirani wawili ao watatu. Musiandike kabila la aliyepiga kama hakuna anayelijua. Musitie « inasemwa ». Wawili watie sahihi, kaye ifungwe pahali pamoja na vitabu vya ubatizo. Haiko ya kusomwa barabarani wala ya kupiga picha na kutuma kwa simu. Ni ya siku ile hakimu atakapouliza, hata kama atauliza nyuma ya miaka 20. Na jamaa wakitaka nakala, wapewe.

Mama wa Kolwezi, watoto wako waambie hivi, kwa maneno yako mwenyewe: ndugu yenu aliingia katika dini ambayo sisi hatufuate. Alienda katika mukutano uliokatazwa. Waaskari walimuua, na hawakupaswa kumuua. Hata tribinali ya inchi yetu ilisema vile. Tulimupenda. Watoto wakiuliza walikufa wangapi, usiwape hesabu ya jirani. Waambie wazi kwamba ni zaidi ya 50, na kwamba mumoja wao ulimubeba mugongoni.

Picha yake uliyoitia ndani ya bahasha ninairudisha pamoja na gazeti hili, usiogope, haikupotea. Na kwa muzee aliyekujibu mbele ya watu, nimemuandikia barua yake mwenyewe. Ile siichapishe hapa.